Kipigo Kimoja ni Chai

Kipigo kimoja kilikuwa chai. Viwili, maji ya kuoga. Vitatu, mlete mtoto.

Mzee Filemon alipiga kwa ncha ya mkongojo kwenye kipande cha bati kilicholazwa kando ya mlango wa nyumba ya zamani, na mlio ukavuka ua, hatua kumi na mbili, mpaka kwenye nyumba ya tofali alikokaa mwanawe Thadeus. Thadeus hakujibu kwa mdomo. Alipiga mluzi mfupi, maana yake nimesikia, akamimina chai kwenye kikombe chenye mfuniko, akamkabidhi Praygod. Mtoto alikuwa na miaka mitatu kasoro miezi miwili. Alivuka ua kwa mwendo wa mtu mwenye cheo, asimwage hata tone, akampa babu yake. Babu akaitikia kwa kichwa. Mtoto akarudi na kikombe cha jana.

Hakuna aliyesema neno. Ndivyo siku zilivyoanza katika kihamba kile, shamba la ukoo wao huko Mwika, kwa miaka miwili na miezi mitatu.

Chanzo kilikuwa mibuni kumi na tisa. Mzee alilazwa hospitali kwa ajili ya mguu, wiki tatu nzima, na Thadeus, kijana ambaye damu yake ilichemka haraka kuliko maji, alishika shoka akaiangusha mibuni yote ya upande wa chini, karibu na mfereji, akapanda miche ya parachichi. Alidhani anamwonyesha baba yake jinsi dunia inavyokwenda. Kwamba mibuni ile mzee aliipanda na marehemu mkewe mwaka walipofunga ndoa, hilo alilijua, akajifanya halijui. Mzee aliporudi alishuka mpaka pale, akavigusa visiki kimoja kimoja kwa mkongojo, akahesabu. Kisha akasema, "Kuanzia leo, mdomo wako usinisemeshe."

Thadeus alikuwa hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe. "Na wako usinitafute."

Kila mmoja akalishika neno lake kama nadhiri ya altareni.

Mtu mwingine angehama. Thadeus hakuwa na pa kuhamia. Kaka zake wawili walikwenda zao, mmoja Arusha, mmoja Dar es Salaam, wakirudi Krismasi na magari yenye vumbi, wakila mbuzi, wakiondoka. Yeye alikuwa kitindamimba, na kitindamimba ndiye mwenye nyumba ya wazazi. Watu husema hivyo kana kwamba ni zawadi. Mzee mwenye mguu mbovu asingeachwa peke yake, ng'ombe wa bandani asingejikatia majani, migomba isingejipalilia. Asubuhi Thadeus alitazama mlima juu na tambarare chini, na katikati alikuwa yeye, amebanwa kwenye eka moja na nusu pamoja na mtu asiyesema naye.

Mkewe, Gladness, aliuza nguo za mitumba katika soko la Kiboriloni. Aliondoka kabla ya jua, akarudi jua likizama, miguu imevimba. Yeye alisema na wote wawili, lakini jioni ya mtu aliyechoka ni fupi. Mchana kutwa Praygod alibaki na wanaume wawili na bati lao.

Naye hakusema. Hakusema mama, hakusema baba, hakusema maji. Akitaka kitu aliinua kidevu kuelekea kitu hicho, akakazia macho, akakipata. Jirani yao Elisifa, mama mwenye maneno mengi kuliko maharage ya gunia, alimpa Thadeus moyo kwa namna yake: "Msiogope, bado anakusanya. Siku akifungua, mtamwomba anyamaze." Gladness alicheka mara ya kwanza. Mara ya tano hakucheka.

Hospitalini walimpima masikio. Yalikuwa mazima. Wakaelekezwa kwa Shivani, mtaalamu wa kuwasaidia watoto kusema, binti wa ukoo uliokuwa na duka la vitambaa mjini Moshi tangu enzi za babu yake. Alikuwa na chumba kimoja chenye mkeka na wanasesere, na Kiswahili chake kilikuwa cha Moshi kabisa.

"Karibu, Baba Praygod. Keti chini. Hapa hakuna viti vya wakubwa."

Alimpa mtoto kopo linaloonyesha ndani, lenye biskuti, mfuniko umekazwa. Praygod alilizungusha, akashindwa, akampelekea baba yake, akainua kidevu. Thadeus akafungua.

"Rudisha mfuniko," Shivani akasema.

"Kwani nimefanya nini?"

"Umemnyima nafasi. Mtoto alikuwa karibu kukuomba, wewe ukaharakisha. Hebu mpe tena. Mtazame usoni, hesabu kumi kimoyomoyo, na ufunge mdomo."

"Kufunga mdomo najua sana," Thadeus akasema, kwa uchungu ambao yule dada hakuuelewa.

Alihesabu kumi. Praygod alikazia kopo macho, akakazia baba yake macho, kisha akaliweka chini taratibu akaondoka, kama mzee aliyekataa bei sokoni.

Shivani hakukata tamaa. Alimweleza Thadeus aseme kila anachofanya mbele ya mtoto, kwa maneno mafupi. Amchagulishe: ndizi au maziwa? Mtoto akitoa sauti yoyote, aiige, amrudishie. "Na usisubiri neno kwanza," alisema. "Subiri zamu. Wewe utoe sauti, yeye atoe sauti, hata kama ni upuuzi mtupu. Zamu ikija, maneno yatapata pa kukaa."

"Kosa ni letu?"

"Sijasema hivyo. Wapo wanaochelewa tu, na hakuna anayejua kwa nini. Usitafute wa kumlaumu, tafuta wa kukusaidia. Nyumbani yuko nani mchana?"

"Mimi," alisema Thadeus. Hakumtaja mzee.

Wiki iliyofuata kihamba kizima kilisikia. "Baba anakata majani! Majani ya ng'ombe! Ng'ombe anakula! Anakula nini? Majani!" Elisifa alichungulia juu ya uzio.

"Thadeus, umeanza kutangaza mpira? Nani anaongoza?"

"Ng'ombe anaongoza, mama."

"Haya, ukifunga goli uniite."

Thadeus hakujali. Alijifundisha mambo mengi maishani bila mwalimu, na hili angelishinda vilevile. Alitangaza ndizi akizimenya, alitangaza maji yakichemka, alihesabu kumi mpaka kumi ikamchosha. Praygod alimsikiliza kwa adabu, kama watu wanavyosikiliza tangazo la kanisani. Kisha bati likalia mara moja, na uso wa mtoto ukachangamka, akanyoosha mikono apokee kikombe. Hiyo ndiyo kazi aliyoielewa.

Mwezi ukapita. Shivani akamwomba amrekodie mtoto kwa simu, asubuhi moja ya kawaida nyumbani, bila kupanga kitu. Thadeus akaegemeza simu kwenye ndoo, akaiacha nusu saa. Walipokutana tena mjini, Shivani aliitazama ile video yote. Mwisho alirudisha nyuma mahali ambapo mtoto anampa babu kikombe.

"Huyu mzee ni babu yake?"

"Ndiyo."

"Pole. Sikujua. Naye ana shida ya kusema?"

Thadeus alihisi masikio yakiwaka. "Hapana. Anasema."

"Nimetazama nusu saa nzima. Hajasema."

"Anasema na watu wengine. Anasema kanisani. Anasema barabarani." Akaitazama simu. "Mimi na yeye ndiyo hatusemi."

"Tangu lini?"

Akamwambia. Shivani hakushtuka wala hakumhubiria. Alisogeza tu simu karibu, akaonyesha kwa kalamu. "Tazama hapa. Watoto wa umri huu huonyesha kwa kidole. Wako anaonyesha kwa kidevu. Na hapa, tazama, babu anafanya nini?" Mzee Filemon, katika kioo kidogo cha simu, aliinua kidevu kuelekea sukari. "Na hapa ni wewe," Shivani akaongeza, na Thadeus akajiona mwenyewe akiinua kidevu kumtuma mtoto. Kidevu kilekile. Ukoo mzima wa videvu.

"Unamtangazia vizuri sana," alisema dada yule kwa upole. "Lakini hajawahi kuona watu wawili wakubwa wakirushiana maneno mchana. Anaona wanaume wa kwao wanaishi hivi. Naye anataka kuwa mwanaume wa kwao. Siwezi kukuahidi kwamba mkisema, naye atasema. Ninachojua ni kwamba hiyo zamu ninayoitafuta, kwenu haipo."

Thadeus alimwambia Gladness jioni ile, maana hakuweza kumficha. Gladness alikuwa akikanda miguu yake kwa maji ya chumvi. Aliacha kukanda.

"Kwa hiyo mimi nauza magauni juani ili nilipie nauli ya kwenda kuambiwa ninachokijua?"

"Mama Praygod..."

"Nisikilize. Pasaka ikipita, nyinyi bado mnapigiana bati, mimi na mtoto tunakwenda kwa mama, Mkuu kule Rombo. Kule kuna watoto saba na mama yangu hanyamazi hata akilala. Huko atasikia watu."

"Na mimi?"

"Wewe una baba yako. Kaeni."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha. Thadeus alitoka nje akasimama baina ya nyumba mbili. Rombo hakuweza kwenda. Mzee na ng'ombe walimshika. Kubaki bila mtoto hakuweza. Na kufungua mdomo mbele ya yule mzee, baada ya yale maneno?

Ndipo akakumbuka isale.

Kule kwao, jani la isale huota mpakani mwa vihamba, na mwenye kosa akimpelekea aliyemkosea jani hilo, aliyekosewa hawezi kulikataa, hata kama aliuliwa ng'ombe wake, hata kama alichomewa nyumba. Huna haja ya hotuba. Jani linatosha. Thadeus alifurahi kama mfungwa aliyeona dirisha halina nondo. Jumatano kabla ya Pasaka alikata jani moja zuri, refu, akalipangusa umande, akampa Praygod, akainua kidevu kuelekea nyumba ya zamani.

Mtoto akavuka ua. Mzee Filemon akapokea. Alilitazama jani muda mrefu, akaligeuza, akatazama upande wa chini kule kwenye parachichi. Kisha akasimama, akalifunga jani kwenye msumari juu ya mlango wake, mahali ambapo kila apitaye angeliona, akamtazama mwanawe ng'ambo ya ua, akaitikia kwa kichwa.

Amesamehe. Machozi yalimlengalenga Thadeus. Naye akaitikia kwa kichwa.

Akasubiri.

Bati likalia mara moja. Chai.

Alhamisi bati likalia. Ijumaa Kuu likalia, taratibu zaidi, kwa heshima ya siku. Kila mara wanaume wawili waliitikiana kwa vichwa, kwa upendo mkubwa. Jumapili walikwenda misa pamoja, wakakaa benchi moja, wakala machalari, ndizi na nyama za sikukuu, meza moja, na hakuna aliyesema neno. Ukimya sasa ulikuwa wa amani, tena ulikuwa mzito kuliko ule wa ugomvi, kwa sababu haukuwa tena na sababu ya kwisha.

Gladness alilitazama jani mlangoni, akamtazama mumewe. "Mmepatana?"

"Tumepatana."

"Kimya kimya?" Akacheka kicheko kikavu. "Mungu wangu. Hata kupatana mmempa mtoto abebe."

Jumatatu ya Pasaka, mvua ya asubuhi ilipokatika, begi lake lilikuwa mlangoni, la bluu, limejaa, na kibegi kidogo cha mtoto juu yake. Hakugomba. Alikuwa anafunga kilemba mbele ya kioo. Praygod alikuwa amevaa viatu.

Bati likalia mara moja.

Praygod alikuja mbio na viatu vyake vipya, akanyoosha mikono miwili. Thadeus alimimina chai. Aliitazama ile mikono midogo iliyojua kazi yake. Hakumpa.

"Chai nitampelekea mimi," alisema.

Mtoto alimtazama kama aliyeporwa.

Hatua kumi na mbili. Thadeus alikuwa amezivuka mara nyingi na ndoo ya maji, lakini hakuwahi kuzivuka na neno mdomoni tangu siku ile ya visiki. Tope lilimvuta viatu. Nyuma yake alisikia viatu vipya vikimfuata. Mzee Filemon aliketi kwenye kigoda mlangoni, jani limeanza kusinyaa juu ya kichwa chake, na alipoona nani anakuja na kikombe, mkono wake ulishika mkongojo kwa nguvu.

Thadeus alisimama mbele yake. Maneno yote aliyoyatangazia ng'ombe kwa mwezi mzima yalimkimbia. Likabaki moja tu, lile la kwanza ambalo mtoto yeyote wa Mwika hufundishwa, na ambalo hakumpa baba yake kwa miaka miwili na miezi mitatu.

"Shikamoo, baba."

Akafunga mdomo. Akamtazama usoni. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo.

Moja. Mbili. Mzee alitazama kikombe. Tatu. Nne. Alimtazama mtoto. Tano. Mkongojo ulinyanyuka, ncha ikaelekea kwenye bati. Thadeus akaweka mguu wake juu ya bati, na tope lake. Sita. Saba. Mshipa ulicheza shingoni mwa mzee. Nane. Ng'ombe alilia bandani, hakuna aliyegeuka. Tisa.

"Marahaba," alisema Mzee Filemon. Sauti ilitoka imechubuka. "Ondoa mguu wako kwenye bati langu."

"Nitauondoa. Unataka nini, baba?"

"Unajua ninachotaka. Umekishika mkononi."

"Sijui. Sema."

"Unanifanya mtoto mdogo?"

"Mtoto mdogo yuko hapa anakusikiliza. Sema."

Mzee akavuta pumzi, na kilichotoka hakikuwa chai. "Mibuni kumi na tisa, Thadeus! Mama yako alibeba maji ya kuimwagilia akiwa na mimba ya kaka yako!"

"Najua. Nilikosa. Nimeleta isale."

"Isale nimepokea! Sijasema sikupokea! Lakini mibuni haikuniaga!"

"Basi nigombeze! Ulininyamazia ili iweje?"

"Nikugombeze? Ulinipa nafasi? Kila nikikohoa wewe unapiga mluzi kama mchunga mbuzi!"

"Na wewe bati! Nani anamwita mwanawe kwa bati?"

"Na hizo parachichi zako, zimezaa nini? Kivuli cha kuku!"

"Zimetoa maua, nenda ukaone!"

"Maua! Tutakunywa maua?"

Elisifa alikuwa ameshafika kwenye uzio wake, mwiko mkononi. Gladness alisimama nje ya mlango, kilemba nusu. Praygod alikuwa katikati ya wanaume wawili, na kichwa chake kilikwenda huku na huku, huku na huku, mdomo wazi, macho makubwa, kama mtu aliyekaa nyumba moja na ngoma maisha yake yote akidhani ni kiti, na leo ndiyo anaisikia ikipigwa.

Mzee aliishiwa pumzi. Thadeus naye. Pakawa na mwanya mdogo, wa mtu kumeza mate.

"Eeh!" akasema Praygod.

Aliinua kidevu kwa baba yake aliposema. Ilikuwa sauti nene kuliko walivyotarajia, ya kukoroma kidogo, ya mtu mwenye neno lake kwenye kikao.

Thadeus alitaka kumnyakua, kumrusha juu, kupiga kelele. Alijizuia, akikikaza kikombe mpaka chai ikamwagika. Alikumbuka: irudishe. "Eeh?" alisema.

Mtoto alimgeukia babu. Ilikuwa zamu ya babu, hilo alilijua wazi. Alingoja.

"Eeh," akasema Mzee Filemon, polepole, kana kwamba anakubali shtaka.

"Eeh!" akasema Praygod.

Kisha wote wakanyamaza wakimtazama, na yeye akaona wamenyamaza, akayashusha macho kwenye viatu vyake, na ukimya ukaanza kurudi kwenye ua kama maji yanavyorudi mferejini.

"Endeleeni!" Gladness alipiga kelele. Aliketi juu ya begi lake la bluu, pale pale mlangoni, machozi yanamtiririka na hasira imemjaa. "Nani amewaambia mnyamaze? Gombaneni!"

"Tumemaliza," alisema Thadeus.

"Hamjamaliza. Begi sijalifungua. Nitaondoka Jumamosi kama mmemaliza."

Thadeus aligeuka akamtazama baba yake. Uso ulikuwa uleule, mkaidi, wenye kidevu kilekile, na kwa mara ya kwanza aliona vizuri alichojiingiza ndani yake. Angelazimika kurudi hapa kesho. Na keshokutwa. Angelazimika kumtafutia yule mzee maneno kila siku ya Mungu, akiwa na hasira au hana, akiwa na la kusema au hana, siku zote ambazo mtoto angehitaji kusikia, na hakukuwa na jani la kumbebea kazi hiyo. Kihamba kilikuwa eka moja na nusu ileile. Mlima juu, tambarare chini.

Mzee Filemon naye aliliona, maana alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyeonyeshwa shamba la kulima.

"Chai imemwagika," alisema mwishowe. "Imebaki nusu, tena imepoa."

"Basi omba nyingine."

Mzee alitazama bati. Mguu wa Thadeus ulikuwa bado juu yake. Akamtazama mjukuu, aliyekuwa ameinua uso tena, akingoja kuona zamu ni ya nani.

"Naomba chai," alisema mzee, kwa sauti ambayo Elisifa aliisikia ng'ambo ya uzio.

"Yenye maziwa au ya rangi?"

Mzee alimkazia macho. Thadeus hakumsaidia. Alifunga mdomo, akaanza kuhesabu upya.